Kijiko cha Kwanza Ni cha Paka

Katika nyumba ile kijiko cha kwanza kilikuwa cha paka. Mzee akiletewa uji wake wa asubuhi, kabla hajauonja, huchota kijiko kimoja akakimimina kwenye kisahani kilichomeguka ukingo, naye paka wake, Dakika, huja akalamba mpaka kisahani kikabaki kinang'aa. Ndipo mzee naye huanza kula. Alikuwa fundi saa, mtaa mzima ukimwita Mzee Saa, na tangu afiwe na mkewe, paka huyo ndiye aliyekuwa mwenzake wa chumbani.

Asubuhi hiyo Dakika alikuja kama kawaida. Akainamisha pua, akanusa. Kisha akainua kichwa, akamkazia macho Mshonaji, mke wa mwanawe, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na sinia mkononi. Akageuka, akaenda kujikunyata chini ya meza ya kazi.

Mzee Saa akaweka kijiko chini.

"Ana nini huyu?"

"Shavu linamuuma, Baba. Si unaona lilivyovimba?"

"Shavu halimzuii kunusa. Kanusa, halafu akakutazama wewe." Naye akamtazama. "Kwa nini akutazame wewe?"

Mshonaji akacheka kicheko cha kulazimisha, akasema paka ni paka tu, nani ajuaye mambo yake. Akaondoka upesi kuliko ilivyohitajika, akakaa kwenye cherehani yake sebuleni, akakanyaga pedali kwa muda kabla ya kugundua kwamba sindano haina uzi. Paka alikuwa na haki ya kumtazama vile, na mzee, laiti angejua, alikuwa na haki zaidi.

*

Ya paka yalianza kwa ugomvi wa darini. Dume la jirani lilimuuma Dakika shavuni, kidonda kikajifunga juu, usaha ukatunga ndani. Mshonaji akamtia kwenye kikapu cha nguo, akampeleka kwa daktari wa mifugo, akapanga foleni kati ya mbuzi na ndama.

"Mama, huyo anakamuliwa lita ngapi?" mwenye ndama mmoja akamwuliza, na benchi zima likaangua kicheko. Mshonaji akatazama chini, akashikilia kifuniko cha kikapu kwa mikono miwili.

Daktari hakucheka. Alilipasua jipu, akalisafisha, akatoa vidonge vya asubuhi na jioni, akasisitiza kwamba paka apewe mpaka viishe hata kama uvimbe utashuka.

"Na usije ukamfichia kwenye chakula anachokipenda," akamwonya. "Akishagundua, atakisusa chakula na wewe atakususa. Mwonyeshe dawa, ainuse. Mshike kwa utulivu, mpe, mwachie. Kitamu kije baadaye. Akasirike kwa kupewa dawa, lakini asikasirike kwa kudanganywa."

Mshonaji aliitikia "ndiyo, daktari" kwa kila sentensi, na alipofika nyumbani akafanya kinyume. Haikuwa ukaidi. Mara ya kwanza alijaribu kwa uwazi, Dakika akamchana mkono kwa kucha, kidonge kikapotelea uvunguni mwa kabati. Isitoshe, kuficha dawa kwenye chakula ilikuwa kazi aliyoijua. Alikuwa na uzoefu nayo.

Uzoefu wenyewe aliupata kwa baba mkwe wake. Mzee Saa alikuwa na presha, na vidonge vya presha alivikataa katakata. Vile vya kwanza alivitupa chooni wote wakiona, akavuta maji. Mwanawe, ambaye ni fundi bomba, akaleta vingine kimyakimya, akamvuta mkewe jikoni. "Visage, umtilie kwenye uji," alimwambia. "Mzee akikataa dawa ni mtoto tu." Mshonaji alikataa. Mumewe akamwuliza kama anangoja mzee apooze, kisha yeye ndiye awe wa kumgeuza kitandani. Hapo akakubali. Tangu siku hiyo alikisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, akautia unga wake chini kabisa ya bakuli, akamimina uji juu yake taratibu bila kukoroga. Kijiko cha kwanza kilikuwa cha paka, na hakutaka kumdhuru paka, basi juu aliacha safi.

Kwa Dakika alitumia samaki. Alikitumbukiza kidonge kwenye mnofu, akaukunja vizuri kama pindo la sketi ya shule. Mara ya kwanza paka akala. Mara ya pili akakitema kidonge, akabaki akikitazama pale sakafuni kilivyolowa mate. Baada ya hapo hakugusa samaki tena, wala maziwa, wala chochote kilichopita mikononi mwa Mshonaji, ukiwamo uji wa mzee, ambao kwa juu haukuwa na kosa lolote.

*

Kesho yake paka akakataa tena. Mzee Saa akalivuta bakuli karibu. Alikuwa na lenzi yake nyeusi, ile anayoibana jichoni anapofungua saa, ambayo siku zote ilikaa kwenye paji la uso wake kwa ugwe. Akaishusha, akaliinamia bakuli. Akachota uji wa juu, akautazama. Akachimba katikati. Akachimba mpaka chini, akakisogeza kijiko kwenye mwanga wa dirisha, na kwa kibano chake cha kazi akanyanyua chembe moja nyeupe.

"Hii nini?"

"Labda chumvi, Baba. Haikuyeyuka."

Akaigusa kwa ncha ya ulimi. "Chumvi chungu?"

Mzee akalisukuma bakuli bila hasira, polepole, vile anavyosukuma saa ambayo haitengenezeki.

"Ondoa."

Kuanzia hapo Mzee Saa alikula vyenye maganda tu. Alikula mayai aliyoyachemsha mwenyewe na kuyamenya mwenyewe, ndizi, karanga na machungwa. Maji aliyakinga bombani kwa mkono wake. Kila yai alilipitishia lenzi kabla ya kulimenya, akilizungusha kutafuta tundu, na maganda aliyapanga ukingoni mwa meza ili ayaone kila mtu. Mshonaji hakuweza kupita mlangoni bila kufuatwa na macho: ya paka kutoka chini ya meza, na lile jicho moja la mzee lililofunikwa na lenzi.

Mambo yangeishia ndani, ingekuwa nafuu. Siku moja mwalimu wa shule ya jirani alikuja kuchukua sare alizoagiza, jua likiwa kali, akaomba maji. Mshonaji akamletea gilasi juu ya kisahani, kwa heshima. Mzee Saa akatoa kichwa chumbani.

"Mwalimu, hayo maji ulimwona akiyakinga?"

Mwalimu akacheka akidhani ni utani. Kisha akauona uso wa mzee, akauona na wa Mshonaji, akairudisha gilasi taratibu kwenye kisahani.

"Asante, mama. Kiu imepita."

Akazichukua sare zake. Mteja huyo hakuwahi kukagua hata mshono mmoja, lakini leo alizikunjua moja moja, akazigeuza ndani nje, akazinusa. Mshonaji alisimama akiangalia, uso umempata moto. Alipobaki peke yake aliinywa ile gilasi yote kwa mkupuo mmoja. Hakuwa na kiu. Alitaka tu mtu anywe.

*

"Basi mfichie kwingine," mumewe alinong'ona jioni, wakiwa jikoni. "Kwenye chai."

"Hanywi chai yangu."

"Mayai je?"

"Anachemsha mwenyewe, anamenya mwenyewe. Nishakwambia."

Fundi bomba akatafuna mkate wake, akalifikiria yai kwa utulivu, kama bomba lililoziba mahali fulani. "Yeyusha dawa, halafu piga sindano kwenye yai kabla hajalichukua. Tundu dogo tu. Wewe mshonaji, bwana, sindano ndiyo kazi yako."

Mshonaji akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Na akiliona tundu?"

"Utasema kuku kalidonoa."

"Kwa nini usiongee naye wewe? Ni baba yako."

"Mimi alinisikiliza lini? Wewe ndiye unayeshinda naye." Akajifuta makombo mdomoni, akapunguza sauti zaidi. "Tena akikubana, mimi simo. Akijua dawa naleta mimi, atafungasha vyombo vyake ahame, na mtaa wote utasema nimemfukuza baba yangu. Wewe atakusamehe. Wewe ni mtoto wa watu."

Akaondoka kwenda kuoga, akiimba. Mshonaji alichukua yai moja kwenye trei, akaligeuza mkononi. Akajikuta anatafuta mahali ambapo tundu lisingeonekana. Alipotambua anachofanya alilirudisha upesi, akaogopa. Safari hii hakumwogopa mumewe wala mzee, alijiogopa mwenyewe.

*

Siku iliyofuata Mzee Saa aliinuka kitini, akashika ukuta. Akasimama hivyo kwa muda, macho kayafumba, kisha akarudi kukaa, akajifanya anatafuta kitu mezani. Mshonaji alimwona. Chini ya meza Dakika alikuwa amelala, shavu limevimba upya, jicho la upande huo limefumba nusu. Mwanamke akaona wazi kwamba wote wawili watamfia mikononi, na kitakachowaua ni kumwogopa yeye.

Akapiga moyo konde. Akamwaga vifungo kutoka kwenye mkebe wake, akachukua kifuniko, akaweka juu yake kidonge cha paka na kidonge cha mzee, vizima, bila kusaga. Akagonga mlango.

"Hodi, Baba."

"Mlango uko wazi. Mikono iweke ninapoiona."

Akaingia, akapiga magoti, akakiweka kifuniko juu ya meza kati ya saa zilizofunguliwa.

"Hiki kikubwa ni cha Dakika. Hiki kidogo ni chako, cha presha. Ndicho nilichokuwa nakutilia kwenye uji."

Saa za ukutani ziliendelea kugonga, kila moja kwa mwendo wake.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Kila siku?"

"Kila siku, Baba."

"Na paka alikuwa anakula uji huohuo."

"Nilikitia chini. Juu niliacha safi, kwa ajili yake."

Mzee Saa akatikisa kichwa. "Kumbe paka ulimhurumia."

Heri angemtukana. Mshonaji aliinama, machozi yakamdondoka kwenye sakafu, hakuyafuta.

"Nani alikutuma?"

"Mimi mwenyewe."

"Vidonge nilivitupa chooni. Vilirudi vyenyewe kwa njia ya bomba?"

Mshonaji akazidi kuinama. Mzee naye hakumlazimisha. Akakichukua kidonge kidogo kwa kibano, akakiangalia kila upande.

"Unajua kwa nini nilivitupa? Hujui. Hamkuniuliza, si wewe wala mwenzako. Siku za mwanzo nilipovimeza, vidole vililegea. Springi ya saa ya mtu iliruka, mpaka leo sijaiona. Nikasema, heri kufa na vidole vyangu kuliko kuishi nikiwa mzigo wa kubebwa."

"Hatukuuliza, Baba. Ni kweli." Akasita, kisha akaona liwalo na liwe. "Lakini ile saa ya yule nesi, ndogo kama kifungo, uliyoitengeneza ukaisifia mwenyewe wiki nzima. Siku ile ulikuwa umekula uji."

Mzee akaweka kibano chini. Akanyoosha mikono mbele yake, akashusha lenzi, akavikagua vidole kimoja kimoja kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Mlinishinda," hatimaye akasema. "Lakini si kwa haki."

"Si kwa haki, Baba. Naomba unisamehe."

Hakusema amesamehe. Aliinama akatazama chini ya meza. "Mshughulikie huyu kwanza. Amezidiwa."

Hawakumvuta. Mzee alishuka sakafuni kwa kuguna, magoti yakilia, Mshonaji akatandika kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye sare, wakakaa tu wakiongea habari za kawaida, bei ya uzi, choo kinachovuja katika nyumba ya fundi bomba. Hilo la choo liliwachekesha kidogo, kila mmoja akatazama pembeni. Baada ya muda Dakika alitoka, si kwa Mshonaji, kwa mzee.

"Daktari alisema ainuse," Mshonaji akasema.

"Basi ainuse."

Mshonaji akafungua kiganja. Paka akakinusa kidonge, masikio yakalala nyuma. Mzee akamviringisha kwa kitambaa, kichwa tu kikabaki nje, akambana kifuani bila kumkandamiza. Mshonaji akaingiza kidole ubavuni mwa mdomo, nyuma ya lile jino refu. Kidonge kikatemwa.

"Mkono wako unatetemeka, ndiyo maana anakushuku," mzee akasema. "Vuta pumzi. Tena."

Mara ya pili kikaingia mbali. Mshonaji akampapasa koo kwa kidole kimoja, kutoka juu kwenda chini, mpaka alipomwona amemeza na kujilamba pua.

"Mwachie," akasema, na mzee akafungua kitambaa papo hapo. Dakika akaruka, akaenda kukaa kwenye kona, mkia ukipiga sakafu. Mshonaji akaweka kisahani cha samaki katikati ya chumba, mnofu umechambuliwa wote, hauna mkunjo wala mahali pa kufichia kitu, akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Kakasirika," akasema.

"Akasirike. Safari hii kaona kila kitu."

Kidonge kidogo kilibaki kwenye kifuniko. Mzee hakukigusa, na Mshonaji hakuthubutu kumwuliza. Alipopita tena baada ya kuanua nguo, kisahani cha samaki kilikuwa kitupu, na Dakika alikuwa amelala hapo pembeni yake, si chini ya meza.

*

Jioni hiyo Mzee Saa alitoka chumbani akaja kukaa mezani na wenzake, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya uji. Lenzi ilikuwa kwenye paji la uso, kifuniko cha mkebe mkononi. Akakiweka kando ya mkate. Fundi bomba akakiona, akakohoa.

"Mwanangu, kidonge hiki unakijua?"

"Mimi? Hapana, Baba. Cha nini?"

"Mkeo alikuwa ananitilia kwenye uji."

Fundi bomba akauweka mkate chini, akamgeukia mkewe, uso umejaa mshangao mwingi mno. "Kweli? Bila kuniambia?" Akamrudia baba yake. "Nisamehe, Baba. Mimi nashinda kwenye mabomba ya watu, ya humu ndani siyajui. Huyu mwanamke ana tabia ya kujiamulia. Leo uji wako, kesho sijui nini."

Mshonaji akauma mdomo. Neno moja tu lingemmaliza mumewe palepale, na mkono wake wenye birika ulijua hivyo, ukatulia hewani kidogo. Kisha akammiminia mzee chai. Akammiminia na mumewe, akatia sukari, akakoroga, akamsogezea.

Fundi bomba akakiinua kikombe. Kikafika karibu na mdomo, kikasimama. Akatazama ndani yake. Akanusa, kidogo tu, kama mtu anayekagua kama chai ni ya moto. Akakielekeza kwenye mwanga wa taa.

"Umetia nini humu?"

"Sukari."

"Sukari tu?"

Mzee Saa aliwatazama wote wawili. Kisha akakichukua kidonge kwa vidole vyake, akakiinua kila mtu akione, akakiweka kwenye ulimi. Akanywa chai aliyomiminiwa na mkamwana wake, mafunda mawili makubwa, akajilamba midomo. Hakuichungulia kabla ya kuinywa. Baada ya hapo akaivua lenzi kichwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaisukuma juu ya meza mpaka ikagota kwenye kikombe cha mwanawe.

"Shika, mwanangu. Mezani mimi siihitaji tena."

Fundi bomba hakuigusa lenzi, wala chai hakuinywa. Mzee akasogeza kikombe chake kilichokwisha, Mshonaji akakijaza. Kisha, kwa adabu zote, akamwuliza mumewe kama amwongezee sukari.